Kabla ya Kupaka Lipu: Mhandisi na Ukarabati wa Majengo ya Shule

(Mada iliyowasilishwa kwa wajumbe wa kamati za shule, wazazi na wamiliki wa shule binafsi)

Nimetumwa na Bodi kuzungumza nanyi juu ya jambo moja: nani aulizwe, na aulizwe lini, shule inapotaka kukarabati au kuboresha majengo yake.

Wazee wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii tunaifahamu tangu utotoni, na kwa bahati mbaya wengi wetu tumeitii kwa namna nyepesi mno. Ufa unatokea ukutani, kamati inakutana, inanunuliwa mifuko miwili ya saruji na ndoo ya rangi. Fundi anaziba, anasawazisha, anapaka. Mgeni akija anakuta darasa linang'aa. Masika ikipita, ufa unarudi palepale, na safari hii mtoto anaweza kupenyeza kidole. Kamati inachangisha tena. Hapo ndipo inapofaa kuuliza: je, tuliuziba ule ufa, au tuliuficha?

Jengo halina mdomo. Ufa ni mojawapo ya njia chache lilizo nazo za kutuarifu kuwa chini yake, au juu yake, pana jambo lisilokaa sawa. Anayepaka lipu kabla ya kulijua jambo hilo anafuta barua kabla ya kuisoma. Kuisoma barua hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya mhandisi katika ukarabati, na kwa maoni yangu ndiyo kazi yake yenye thamani kubwa kuliko hata michoro.

Tuchukue mfano wa darasa lililojengwa kwa tofali za saruji mahali penye udongo mweusi wa mbuga, kama ule unaopatikana Shinyanga, Simiyu na sehemu za Dodoma. Kona ya mashariki ya darasa hilo imepata ufa unaopanda kama ngazi, ukifuata maungio ya tofali kutoka chini hadi dirishani. Sura hiyo humwambia mhandisi kuwa msingi wa upande mmoja umesogea na upande wa pili umebaki. Lakini kwa nini umesogea? Pengine udongo wenyewe, ambao huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, unaunyanyua na kuushusha msingi kila mwaka. Pengine gata limetoboka, na maji ya paa zima yanamwagika kwenye kona hiyo moja. Pengine mkaratusi uliopandwa mita tatu kutoka ukutani unaufyonza unyevu wa ardhi. Au pengine mwaka juzi lilichimbwa shimo la choo karibu na hapo, na udongo uliokuwa umeushikilia msingi ukalegea.

Sababu nne, ufa uleule, na gharama zisizofanana hata kidogo. Gata huzibwa kwa fedha ndogo kabisa, kisha maji yakaelekezwa mbali na ukuta kwa mfereji. Mti huweza kuondolewa, ingawa nao una utaratibu wake, kwa kuwa udongo uliokaushwa kwa miaka mingi huweza kuvimba mti ukishakatwa. Shimo la choo hudai kazi ya kulijaza na kuimarisha msingi kando yake. Udongo wa mbuga huenda ukahitaji msingi uongezwe kina au ukuta ufungwe kwa mkanda wa zege. Kamati isiyojua sababu ni ipi haiwezi kujua ichangishe kiasi gani. Yenyewe hudhani inaokoa fedha za mtaalamu, kumbe imeingia sokoni bila kujua inanunua nini.

Mzazi asiye mhandisi anaweza kufanya nini? Mengi. Chukueni penseli, wekeni alama mwisho wa ufa pande zote mbili, andikeni tarehe pembeni. Pimeni upana wake kwa rula mahali palepale kila mwezi na muandike katika daftari la shule. Ufa ambao haukusogea mwaka mzima, mvua na kiangazi, ni tofauti kabisa na ule uliokimbia kiganja kizima kati ya Machi na Mei. Mhandisi atakayefika atalishukuru daftari hilo, kwa sababu yeye hulitembelea jengo kwa saa chache, nanyi mnaishi nalo.

Nyufa nyembamba kama unywele, zilizosambaa juu ya lipu mithili ya utando wa buibui, kwa kawaida ni lipu iliyokauka haraka mno, wala haziwezi kuangusha darasa. Ufa wa mshazari unaoanzia pembe ya dirisha huweza kuonyesha kuwa linta ni fupi au haipo. Ufa mlalo chini kidogo ya paa huashiria kuwa paa linausukuma ukuta au halikufungwa nao vyema. Ufa wima pale darasa jipya lilipounganishwa na la zamani mara nyingi ni majengo mawili yanayotulia ardhini kila moja kwa mwendo wake. Palitakiwa kuachwa nafasi ya makusudi kati yake, na kuuziba kwa saruji ngumu ni kazi bure.

Ya kuogopwa zaidi ni mistari ya rangi ya kutu katika nguzo au mhimili wa zege, hasa kama vipande vya zege vimeanza kubanduka na nondo kuonekana. Chuma kikishika kutu huhitaji nafasi kubwa kuliko awali, basi hulisukuma zege kutoka ndani mpaka lipasuke. Huko pwani hali hii huletwa pia na mchanga wa baharini wenye chumvi. Fundi akiweka saruji juu ya kutu, kutu huendelea kula gizani. Mkiona hilo, au ukuta ulioinama, au mlango wa darasa ulioanza kukwama ghafla pamoja na ufa unaopanuka, waondoeni watoto kwanza, barua kwa halmashauri iandikwe baadaye. Kusomea chini ya mwembe wiki mbili hakujawahi kumuua mtoto.

Tarehe 10 Septemba 2016 mkoa wa Kagera ulitikiswa na tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 5.9. Watu zaidi ya 15 walipoteza maisha, na maelfu ya nyumba zikaharibika. Shule za Sekondari za Ihungo na Nyakato, ambazo zimesomesha vizazi vya viongozi wa nchi hii, ziliharibika kiasi cha kufungwa, na wanafunzi wakapelekwa shule nyingine wakati majengo yakijengwa upya. Jambo ambalo wahandisi hulikazia baada ya matukio ya namna hii ni kwamba ukuta wa mawe au tofali usiofungwa kwa nondo na mkanda wa zege hauna cha kuushikilia ardhi inapoyumba; kila tofali hubaki peke yake. Mikoa iliyo kandokando ya Bonde la Ufa na eneo la Ziwa Victoria isilione hilo kuwa habari ya Bukoba peke yake. Shule kongwe inapofanyiwa ukarabati mkubwa, kumwomba mhandisi aangalie namna ya kuzifunga kuta zake pamoja si anasa.

Kuhusu mapaa nitasema kidogo. Kila mwaka tunasikia kuwa upepo umeezua madarasa. Wengi hudhani bati lilikuwa bovu. Kwa kweli upepo unapopita juu ya paa hulinyonya kwenda juu, na kinachoshindwa ni kifungo kati ya bati na papi, kati ya papi na kenchi, au kati ya kenchi na ukuta. Kununua mabati mapya na kuyapigilia juu ya kenchi zilezile, zilizolazwa ukutani bila kufungwa kwa chuma kilichozamishwa katika mkanda wa zege, ni kuliandalia paa safari ya pili. Na mkinunua bati, kumbukeni kuwa namba ya geji huenda kinyume: geji 30 ni nyembamba kuliko geji 28. Wapo wauzaji wanaoitumia namba kubwa kama sifa mbele ya mnunuzi asiyejua. Shule kongwe zenye paa za asbesto zisiruhusu mtu kuzivunja kwa nyundo wala kuzikata kwa msumeno. Vumbi lake huumiza mapafu, na kuliondoa paa hilo ni kazi ya mtaalamu aliyejiandaa.

Sasa tuingie katika maboresho. Ukarabati hurudisha kilichokuwapo. Maboresho huongeza jambo ambalo jengo halikukusudiwa kulibeba, na hapa ndipo nia njema huleta hatari bila mtu yeyote kugundua.

Simtanki la lita 5,000 likijaa hubeba maji yenye uzito wa tani 5. Mfadhili amelitoa kwa moyo safi, mwalimu mkuu ameshukuru, na fundi akapendekeza liwekwe juu ya zege la choo cha wasichana ili maji yashuke kwa nguvu. Je, zege lile lilimwagwa likikusudiwa kubeba mzigo wa lori juu ya vichwa vya watoto? Swali hilo hujibiwa kwa mahesabu, si kwa kupiga mguu juu yake na kusema mbona liko imara. Vivyo hivyo kubadili mabati kuwa vigae vya saruji: mita moja ya mraba ya vigae huweza kufikia kilo 40 au zaidi, ambapo bati halifiki kilo 6. Kenchi zilizotosha jana hazitoshi leo. Kubomoa ukuta kati ya madarasa mawili ili kupata ukumbi wa mitihani ni jambo jingine ambalo huonekana rahisi mpaka utakapouliza ni nini kilichokuwa kikilala juu ya ukuta huo.

Kuongeza ghorofa juu ya darasa la chini ndilo ombi ninalolisikia likitolewa kwa wepesi kuliko yote, hasa katika shule binafsi za mijini ambako kiwanja ni kidogo na wanafunzi wanaongezeka. Asubuhi ya Septemba 23, 2019, jengo la ghorofa la shule moja eneo la Dagoretti, Nairobi, liliporomoka watoto wakiwa madarasani, na wanafunzi wasiopungua saba wakafa. Msingi uliojengwa kwa ajili ya chumba kimoja hauwezi kugeuzwa kuwa wa viwili kwa sababu mmiliki amepata mkopo. Mhandisi atafukua pembeni aone kina na upana wa msingi, atapima ugumu wa zege, atatafuta nondo ni za unene gani, ndipo aseme inawezekana au haiwezekani. Akisema haiwezekani, amewapa huduma kamili, nanyi mnapaswa kumlipa kana kwamba amesema ndiyo.

Niseme pia juu ya nondo za madirisha ya mabweni. Huwekwa kama uboreshaji, kwa ajili ya wezi. Juni 1994, moto katika Sekondari ya Shauritanga wilayani Rombo uliua wasichana zaidi ya 40. Septemba 2020 watoto 10 walikufa kwa moto wa bweni wilayani Kyerwa. Sisemi kwamba nondo za madirisha ndizo zilizowasha moto. Nasema kuwa kila anayechomelea dirisha la bweni aulizwe kwanza: watoto watatoka wapi? Milango miwili inayofunguka kwa nje, na angalau baadhi ya madirisha yanayoweza kufunguliwa kutoka ndani, huamuliwa kabla ya fundi wa kuchomelea kuitwa.

Baada ya hayo, ni nani wa kuitwa? Neno “injinia” mitaani limekuwa sawa na neno “daktari”. Kila mwenye kofia ngumu hupewa. Kisheria haliko hivyo. Wahandisi husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi kwa ngazi mbalimbali. Mhandisi mhitimu amemaliza chuo na anaendelea kujifunza kazi chini ya usimamizi. Hapaswi kuachiwa peke yake jukumu la kuamua usalama wa jengo lenu. Mhandisi mtaalamu ndiye aliyekamilisha hatua hiyo na anaweza kuiwajibikia kazi kwa saini na muhuri wake. Angalieni pia fani. Mhandisi wa umeme ni mtu wa kumheshimu sana, lakini si yeye wa kuwapimia nguzo. Na mhandisi wa majengo naye si wa kuwafungia nyaya za maabara. Makandarasi husajiliwa na bodi yao, wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi na bodi yao. Fundi mwashi ana mikono ambayo mhandisi hana, wala mada hii haimdharau. Tofauti ni kwamba jengo likianguka, lazima awepo mtu aliyekula dhamana ya mahesabu.

Kumhakiki ni haki yenu na haigharimu kitu. Mwombeni jina kamili na namba ya usajili, kisha ulizeni Bodi kama yumo katika daftari, yuko ngazi gani na fani gani. Aliye halali hachukii kuulizwa.

Shule za serikali zina njia fupi zaidi: mhandisi wa halmashauri. Tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016, ruzuku ya uendeshaji hupelekwa moja kwa moja katika akaunti za shule, na kazi nyingi za ujenzi zimekuwa zikifanywa kwa utaratibu wa force akaunti, ambapo kamati hununua vifaa na kuajiri mafundi wa eneo husika. Kwa njia hiyo, mwaka 2021 yalijengwa madarasa 15,000 kwa bajeti ya shilingi milioni 20 kila moja. Utaratibu huu umepunguza gharama na umewapa wananchi sauti. Lakini pia umewaweka wazazi katika nafasi ya msimamizi wa ujenzi, kazi ambayo hawakuisomea, na si haki kuwaachia peke yao. Kamati iandike barua, itaje ufa ulipo, iambatanishe picha na lile daftari la vipimo, iombe mhandisi afike na aache taarifa ya maandishi. Neno la mdomo, “hapo wekeni tu nondo mbili”, si taarifa. Mhandisi wa halmashauri ana shule nyingi na usafiri mchache, hilo linajulikana; barua yenye vipimo na tarehe humsaidia kuona ni shule ipi haiwezi kungoja.

Wamiliki wa shule binafsi wanaomwajiri mhandisi wenyewe waandikiane naye mkataba, hata wa kurasa mbili. Humo paelezwe atakagua nini, atatoa taarifa lini, michoro ni ya nani, malipo yatatolewa kwa awamu zipi, na atafika kazini mara ngapi. Kipengele hiki cha mwisho ndicho kinachosahauliwa. Mhandisi anayechora akaondoka amewauzia nusu ya huduma. Zipo siku ambazo lazima awepo: msingi ukiwa umechimbwa na bado haujajazwa, nondo zikiwa zimefungwa na zege halijamwagwa, na kenchi zikiwa juu bila bati. Mambo haya matatu yakishafunikwa hayaonekani tena mpaka yatakaposhindwa. Siku ya zege, mzazi yeyote anaweza kusimama kando na kuhesabu ndoo: kama mhandisi ameandika saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, basi iwe hivyo mpaka jioni, na fundi asiongeze maji kwa kuwa mikono imechoka. Maji yakizidi, zege humiminika vizuri na kupungua nguvu. Baada ya hapo limwagiliwe angalau siku 7. Kazi hiyo haihitaji shahada, lakini zege lililonyimwa maji wiki ya kwanza haliwezi kufidiwa baadaye.

Msilipe fedha yote siku ya makabidhiano. Mkataba mzuri na mkandarasi huzuia sehemu ya malipo hadi kipindi cha matazamio kiishe, ili masika moja ipite juu ya kazi yake. Na ikiwa ukarabati unabadili umbo au matumizi ya jengo, mwombe kibali cha ujenzi kutoka halmashauri kabla ya kununua hata mfuko mmoja.

Mhandisi akitoa taarifa ya uongo, akigonga muhuri kazi ambayo hakuiona, au akimkodishia mtu mwingine muhuri wake, leteni malalamiko kwa Bodi kwa maandishi, mkiambatanisha mkataba, stakabadhi na taarifa yenyewe. Bodi ina mamlaka ya kumchunguza, na akithibitika kukosa, kumsimamisha au kumfuta katika daftari la wahandisi. Madai ya kurudishiwa fedha yana njia yake katika mkataba na mahakamani, lakini lalamiko linaweza kumzuia asiende shule ya jirani kesho kutwa.

Niliambiwa nisizidishe muda, na naona mikono imeshaanza kunyooshwa. Walio na picha za nyufa katika simu zao wakae meza ya mbele, wahandisi wenzangu wawili wako hapo kuziangalia. Mzee wa safu ya tatu, karibu uanze wewe na swali lako.